Kovu la Ng'ombe Mwenye Nundu

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Mzee Gramu
Umri: Miaka 64
Kazi: Mkaguzi wa mizani na vipimo, mstaafu
Makazi: Nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji, mlango wa bluu
Uhusiano na mtuhumiwa: Baba mkwe
Tarehe: Ijumaa, tarehe 21
Muda wa kuanza: Saa 4:05 asubuhi
Yameandikwa na: Koplo wa zamu

Nimeonywa na afande kwamba nitakayoyasema yawe kweli tupu, na kwamba kumpa polisi taarifa ya uongo ni kosa. Nimeelewa. Jana nilipoonywa hivyo hivyo nilimjibu afande kuwa mimi nilikuwa naonya watu kabla yeye hajazaliwa. Naomba jibu hilo lifutwe. Afande amesema maelezo ya jana hayafutwi, yanaongezewa tu. Basi naongeza, na naomba tuongeze haraka, kwa sababu nimeambiwa jalada linapelekwa kwa mwendesha mashtaka saa sita mchana, na mkwe wangu bado yuko mahabusu.

Nilikagua mizani kwa miaka thelathini na moja. Bucha, maduka ya sukari, maghala ya nafaka, hata mizani ya zahanati ya kupimia watoto wachanga. Nilikuwa nikiingia dukani sianzi na habari za nyumbani. Nilikuwa nasema, “Nionyeshe ikiwa tupu.” Maana yake mwenye duka aondoe kila kitu kwenye sahani ya mizani, nione kama mshale unasimama kwenye sifuri. Mizani isiyosimama kwenye sifuri ikiwa tupu, kila utakachoiwekea itakudanganya. Wafanyabiashara walikuwa wakiniona naingia sokoni wanasemezana, “Tupu huyo anakuja.” Nayataja haya mapema kwa kuwa afande atayahitaji huko mbele.

Sarafu inayolalamikiwa ni ya zamani, haitumiki tena madukani. Upande mmoja ina ng'ombe mwenye nundu, upande wa pili tarakimu. Niliipata miaka thelathini na tano iliyopita, mwezi wangu wa pili kazini. Niliingia kwenye bucha, nikataka kuonyeshwa mizani ikiwa tupu, ikasoma gramu kumi na moja. Nilipindua sahani nikakuta sarafu imegandishwa kwa nta chini yake. Niliibandua kwa kisu changu kidogo cha kukunja. Mwenye bucha alitozwa faini, na kesi ilipokwisha hakuja kuichukua sarafu yake. Mkuu wangu wa kazi akaniambia, “Kaa nayo, kijana. Hiyo ndiyo ya kwanza.” Tangu hapo nikawa mtu wa kukusanya sarafu. Ninazo ishirini na tatu, kwenye kopo la biskuti.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilinunua hadubini ya kuchomeka kwenye kompyuta. Niliinunua kwa muuza vifaa vya simu, kwa bei isiyozidi kuku wawili. Ni kitu chembamba, urefu wake kama chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Puani ina kioo cha kukinga vumbi, na kukizunguka kioo hicho kuna vitaa vinane. Inashikiliwa na kistendi cha plastiki ambacho mtu akipiga chafya chumba cha pili kinatikisika, kwa hiyo mguuni nilikiwekea jiwe la mizani la kilo mbili. Vile vitaa vilikuwa vinaacha madoa manane meupe juu ya kila sarafu. Nilikata kikombe cha mtindi, nikaivisha hadubini kama kofia, mwanga ukatulia. Hiyo ni akili yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Picha nazipigia chumba cha mbele, kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Nikiwa tayari husema, “Tulieni,” na watu wote nyumbani husimama walipo mpaka niseme tayari. Mke wangu aliwahi kusimamishwa na sufuria ya moto mkononi kwa ajili ya ng'ombe wa chuma, na alilisema hilo kwa wiki mbili. Nyumbani kwangu hakuna anayeiita hadubini. Wanaiita tochi ya mzee.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu, siku ya Jumanne, majira ya saa tatu asubuhi, niliweka sarafu ya ng'ombe chini ya hadubini. Kwenye skrini niliona mstari mweusi, mwembamba, umepinda kidogo, umekaa juu ya nundu upande wa kulia. Nilikaa kitini. Nikakumbuka kisu changu kilivyoteleza siku ile kwenye bucha kwa sababu mwenye bucha alikuwa amesimama nyuma yangu na shoka. Nikalia kidogo. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia ni vumbi. Naomba hilo la kulia lisiandikwe. Afande amesema limeshaandikwa.

Nimo kwenye kikundi cha wapenda sarafu tunaowasiliana kwa simu. Mwenyekiti wetu ni daktari wa meno. Kwa miaka miwili nimewasimulia habari ya bucha na kwa miaka miwili Mwenyekiti amenijibu, “Hadithi tamu, mzee, tatizo haina ushahidi.” Hilo lilikuwa linaniuma kuliko jino. Siku hiyo hiyo niliwatumia picha ya kovu. Mwenyekiti akajibu saa sita na dakika nne kwamba Jumamosi tarehe 22 wana maonyesho ya sarafu zenye historia, na kwamba nikifika na sarafu yenye kovu, pamoja na kisu chenyewe, wataniweka meza ya mbele. Kisu ninacho. Shati nilichagua siku hiyo hiyo.

Sasa nakuja kwa mkwe wangu. Ni mume wa binti yangu wa pili, fundi miwani, ana kibanda mkabala na zahanati. Ni kijana mpole. Hilo nililisema hata jana, ila jana nilisema upole wake ndio unaonitia shaka. Ana tabia moja. Mfuko wa shati lake haukosi kitambaa kidogo cha kijani, laini, na akiona kioo kichafu mkono wake unamtangulia. Siku aliyoletwa nyumbani kutambulishwa, kabla hajaketi alinivua miwani usoni, akaifuta, akanivalisha, ndipo akasema shikamoo. Nilimwambia binti yangu kwamba huyu kijana hana adabu. Akanijibu, “Baba, huyu ndiye wa kwanza uliyemwona vizuri.” Tangu siku hiyo mkwe wangu akija kunisalimia, naishika miwani yangu kwa mkono mmoja. Mimi nina umri wa kujifutia.

Jana, Alhamisi tarehe 20, saa kumi na dakika kumi jioni, mkwe wangu alikuja kumletea mke wangu miwani yake ya kusomea aliyoibadilishia mguu wa sikioni. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naingia bafuni. Mke wangu alikuwa uani anaanua nguo, akamwambia aketi chumba cha mbele anisubiri. Nilitoka saa kumi na dakika ishirini na moja. Kwa hiyo alikaa humo peke yake dakika kumi na moja. Afande jana aliniuliza nimezipataje dakika hizo. Nilimjibu kuwa mimi huwa naangalia saa nikiingia bafuni na nikitoka. Ni mazoea ya kazi. Tuliongea mambo ya kawaida, akaaga.

Saa kumi na moja kamili nilikaa kupiga picha ya mwisho kwa ajili ya maonyesho. Nilisema, “Tulieni.” Nikatazama skrini. Ng'ombe alikuwepo, nundu ilikuwepo, kovu halikuwepo. Nilizima nikawasha. Nikageuza taa. Nikasogeza kikombe cha mtindi. Ngozi ya yule ng'ombe ilikuwa safi kama ya ndama. Mke wangu akaniita kutoka jikoni akitaka kujua kama ameruhusiwa kujongea.

Niliipima sarafu kwenye mizani yangu ndogo. Ilisoma gramu kumi na moja na pointi tatu, sawasawa na uzito niliouandika kwenye daftari miaka thelathini na tano iliyopita. Mtu mwingine hapo angesema basi ni ileile. Mimi nilisema mwizi huyu ni hatari, amehangaika mpaka amepata ya kubadilishia yenye uzito uleule. Nasikitika kusema kwamba hata wakati ule nilijisifu kwa kuligundua hilo.

Saa kumi na mbili kasoro robo nilifika hapa kituoni nikatoa maelezo yangu ya kwanza na kuiacha sarafu kama kielelezo. Nilisema sarafu yangu imeibwa na mahali pake pamewekwa nyingine, na kwamba aliyeingia chumbani ni mtu mmoja tu. Afande aliniuliza thamani yake. Nikasema haina bei. Akaandika “haijulikani.” Tulibishana kidogo hapo. Aliniuliza pia kama nina hakika, maana huyu ni mkwe. Nilimjibu kwamba nimewashitaki watu wengi na wengine walikuwa majirani zangu, na kwamba mizani haijui undugu.

Saa kumi na mbili na nusu tulifika kibandani kwake, mimi, afande na askari mwingine. Mkwe wangu alikuwa anamtilia bibi mmoja vioo kwenye fremu mpya. Alikuwa ameshatia cha kushoto. Afande akamuuliza kama ameigusa sarafu yangu. Akasema hajaigusa. Akaulizwa alikuwa anafanya nini chumbani dakika zote kumi na moja. Akafikiri, akasema, “Nilikaa tu, afande. Labda nilifuta vumbi kidogo.” Hilo lilinikera kuliko yote. Vumbi, kwenye chumba changu. Nilimwambia afande aone jinsi mtu anavyokwepa swali. Mkwe wangu hakubisha. Alifunga kisanduku cha vioo, akamwomba yule bibi radhi, akanigeukia akasema, “Baba, angalia ngazi hapo, moja imelegea.” Akaingia kwenye gari la polisi. Bibi akabaki na kioo kimoja.

Nilirudi nyumbani saa moja na robo jioni. Mke wangu alikuwa ameshapata habari. Saa moja na nusu, akiwa amesimama mlangoni na mwiko, aliniuliza, “Mzee, hicho kitochi chako, ulikiangalia kikiwa tupu?” Nikamjibu kuwa hadubini si mizani. Akasema, “Sawa,” akarudi jikoni. Nimekaa na mke wangu miaka thelathini na nane. Akisema sawa kwa sauti ile, huwa si sawa. Naomba afande aandike kwamba aliyasema maneno hayo, na saa aliyoyasema, maana ameniagiza nihakikishe yameandikwa.

Saa mbili kasoro dakika kumi binti yangu aliingia na mtoto wake wa miaka mitatu na mkoba. Hakuniamkia. Aliketi kwenye kiti changu cha kupigia picha. Akasema, “Baba, mtoto ananiuliza baba yake yuko wapi. Nimemleta umjibu wewe.” Nikasema baba yake yuko polisi, anasaidia uchunguzi. Mtoto akauliza kama polisi wana miwani michafu. Chakula kiliandaliwa, mimi nikawekewa pembeni kama mgeni, na binti yangu hakuondoka kwenye kile kiti.

Leo Ijumaa tarehe 21, saa mbili asubuhi, nilikuwa mtu wa kwanza kufika kwenye stesheneri iliyo karibu na shule. Nilikwenda kuchapisha picha za vielelezo. Nilitaka kumletea afande picha za sarafu zangu zote ishirini na tatu nilizopiga kuanzia mwezi wa kwanza, aone kwamba mimi ni mtu anayeijua kazi yake, ng'ombe mwenye kovu akiwa miongoni mwao, pamoja na picha ya pili ya ng'ombe, ile safi ya jana. Dada wa stesheneri alichapa. Alipomaliza hakunikabidhi. Alizishika kifuani akasema, “Mzee, kabla hujaanza. Huu mstari sio wa printa yangu.”

Mimi nilikuwa sijasema kitu.

Akaendelea, “Juzi kuna mtu kanigombeza kwa ajili ya mistari hivi hivi, nikabadilisha wino. Ona hii fomu nimeitoa sasa hivi, nyeupe pe. Huu mstari umekuja nao wewe mwenyewe, uko kwenye picha zako zote ila moja, tena hapo hapo.”

Nilimwambia, na nilimwambia kwa ukali, kwamba ule si mstari, ni kovu la kisu, na liko kwenye picha moja tu, ya ng'ombe. Akazipanga picha kwenye kaunta moja moja, kama anagawa karata. Simba. Gunzi la hindi. Kichwa cha mfalme. Mkono ulioshika mwenge. Jembe na nyundo. Kwenye kila moja, juu upande wa kulia, kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba, umepinda kidogo.

Nilimwomba rula. Niliupima wa simba: milimita thelathini na moja kutoka ukingo wa kulia, ishirini na nne kutoka juu. Wa gunzi: thelathini na moja, ishirini na nne. Wa mfalme: thelathini na moja, ishirini na nne. Nilipofika picha ya saba niliiweka rula chini. Dada akaniuliza kama aniletee maji.

Afande ameniuliza imekuwaje sikuiona mistari hiyo tangu mwezi wa kwanza. Swali ni zuri na limeniuma. Niliiona. Nimekuja na daftari langu na nimelikabidhi kama kielelezo. Namba 7, simba, nimeandika, “Sharubu moja ndefu, kazi safi ya mchongaji.” Namba 12, gunzi, nimeandika, “Hata ndevu za hindi zinaonekana.” Namba 15, mfalme, nimeandika, “Kunyanzi la paji, dalili ya mawazo.” Namba 19, mwenge, nimeandika, “Moshi.” Kila nilichokitafuta nilikipata. Afande ameniuliza tena kama sikuwahi hata mara moja kuigeuza sarafu nikaona kama kovu linageuka nayo. Nimejibu kuwa ng'ombe hapigwi picha kichwa chini.

Nilizikusanya picha zote ishirini na tatu, nikazipanga sawasawa ukingo kwa ukingo, nikaziinua mbele ya dirisha la duka. Mistari yote ikawa mstari mmoja. Picha ya ishirini na nne, ya jana saa kumi na moja, ndiyo pekee iliyokuwa safi. Hapo nikayakumbuka maneno ya mkwe wangu kibandani, yale ya kufuta vumbi. Nikakumbuka na kitambaa cha kijani. Nikakitazama kioo cha saa yangu, kilikuwa kinang'aa, na sijui kakifuta lini.

Nilirudi nyumbani saa tatu kasoro dakika tano. Binti yangu alinipisha kitini. Niliweka karatasi nyeupe chini ya hadubini, bila sarafu, bila chochote, nikawasha. Skrini ikawa nyeupe. Hapakuwa na mstari. Tangu niinunue, ilikuwa ndiyo mara ya kwanza inasoma sifuri, na aliyeifikisha kwenye sifuri alikuwa amelala sakafuni kwenye mahabusu yenu kwa maneno yangu. Nilikivua kile kikombe cha mtindi. Kwenye ukingo wake wa ndani kulikuwa na vinyuzi vyeusi viwili vimebaki. Mke wangu alisogea akavitazama, akasema ni vya sweta langu, kwenye kiwiko. Tangu mwaka jana anataka kulishona, mimi nikawa namwambia bado halijachakaa.

Mke wangu hakuniambia, “Nilikuambia.” Alikuwa ameshalipasi lile shati nililolichagua kwa ajili ya maonyesho. Akanikabidhi, akasema, “Vaa uende. Mwanangu hajanywa chai.” Alimaanisha mkwe.

Saa nne kasoro dakika ishirini nilifika hapa. Kwenye benchi nilimkuta yule bibi wa jana na kioo chake kimoja. Amekuja kuuliza fundi wake anatoka lini, kwa sababu jicho moja linaona ngazi na jingine halioni. Alinitazama kwa lile lenye kioo. Nilisimama mpaka nilipoitwa ndani.

Afande amefungua bahasha ya kielelezo mbele yangu nikaitazama sarafu. Ni ileile niliyoibandua kwenye bucha. Haikuibwa, haikubadilishwa, haina kovu na haijawahi kuwa nalo. Nimekumbuka kwamba kwenye kesi ile mkuu wangu alinisifu mbele ya wenzangu kwa kuibandua bila kuacha hata mkwaruzo. Hilo ndilo lililotokea. Kuteleza kwa kisu, na yule mtu wa shoka nyuma yangu, nilivikumbuka kwa uhakika kabisa tarehe 11, na sasa hivi bado navikumbuka, na sijui nimevitoa wapi. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa nawasikiliza watu wazima wakiniapia kwamba mizani yao iko sawa, na mimi nikiwaandika wote kuwa waongo. Nadhani baadhi yao hawakuwa waongo.

Kuhusu maonyesho ya kesho, nimewaandikia kikundi kwamba ng'ombe hana kovu na kwamba kosa lilikuwa la kioo changu. Mwenyekiti amejibu kwa kidole gumba kimoja. Sijui maana yake nini na sitauliza.

Ninachoomba ni mkwe wangu aachiwe kabla ya saa sita. Hakuna alichokiiba. Alichofanya ni kuniondolea uchafu kwenye kioo bila kuombwa na bila kudai shukrani, kama anavyofanya siku zote, na mimi nikamletea askari mbele ya mteja wake. Kama kuna mtu wa kufunguliwa shitaka la kumpotosha polisi, ni mimi, na anwani yangu mnayo. Nimeona aibu sana. Hilo afande aliandike kama lilivyo.

Niliyoyaona na niliyoyakosea ni hayo. Nimesomewa, kisha nikayasoma mwenyewe neno kwa neno, na ninayakubali.

Sahihi: (imewekwa) Mzee Gramu
Muda wa kumaliza: Saa 5:20 asubuhi

MAELEZO MAFUPI YA MWANDISHI

Shahidi ametoa maelezo haya kwa hiari yake. Nimemfikishia mkuu wa kituo, ameridhia jalada lisipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Shahidi amepewa onyo la mdomo. Aliomba lirudiwe kwa maandishi, nikamwambia haina haja.

Mtuhumiwa ametolewa mahabusu saa 5:35 na amekabidhiwa mali zake: mkanda mmoja, kamba za viatu jozi moja, simu moja, kitambaa kidogo cha kijani kimoja. Kaunta alimkuta shahidi amesimama. Shahidi alikuwa ameandaa maneno, nilimsikia akiyarudia benchini karibu robo saa, lakini hakuyasema. Alivua miwani yake mwenyewe akampa. Mtuhumiwa aliifuta upande wa mbele na wa nyuma, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamvalisha. Ndipo akasema, “Shikamoo, baba.” Shahidi aliitikia marahaba.

Wameondoka saa 5:45 pamoja na yule bibi, shahidi akiwa amemshika mkono kwa sababu ya ngazi, kwenda kibandani kutiwa kioo cha kulia.

Naongeza kuwa kwenye maelezo ya jana, ukurasa wa pili, pembeni nilikuwa nimeandika kwamba karatasi ina doa. Haina. Kabla ya kuondoka, mtuhumiwa alifuta na miwani yangu.